Tumbo la Silwal

...na nani kasema ni zake, Kisumu nzima inauza karatasi za plastiki, si Dishon peke yake, ingawa ukweli usemwe, sokoni Kibuye nani anamfikia Dishon, aliacha shule darasa la sita na leo walimu wenyewe wanapanga foleni kwake wapate ya kubebea nyanya, ha, lakini mjomba Opiyo amezamisha mkono tena hadi kiwiko ndani ya tumbo la Silwal, ng'ombe wa pekee wa mama, anavuta, inatoka nyingine, ndefu, imesokotwa kama kamba, na majirani walioinama wanaangua kicheko, "Omera Dishon, hii ng'ombe ilikuwa imefungua duka!", naye anacheka kuwashinda, "Basi mpeni leseni!", mdomo huo, haujawahi kulala njaa... njaa, mjomba alisema hivyo asubuhi, huyu amejaa na anakufa njaa, tumchinje kabla hajajifia, hakuna aliyemwelewa mpaka kisu kilipopita... mistari ya buluu, hapa Ahero nani mwingine huleta zenye mistari ya buluu, kila Jumamosi anashuka na furushi, mama anazipokea kwa vigelegele, anazifua kama nguo za kanisani, anazianika juu ya ua, zinapeperuka, mpita njia ajue boma hili lina kijana mjini... nazo zilibeba dagaa wa omena, chumvi yake haitoki hata ufue vipi, na Silwal akimwona tu Dishon anakuja mbio kumramba vidole, naye akitamba, mnaona, hata ng'ombe anamjua mkubwa, kumbe... wacha, ng'ombe ni ng'ombe, nani alimtuma kula nguo za watu... jana alimramba hivyo hivyo, ulimi mkavu kama msasa, macho yamezama, akamsukuma, "Toka, unanichafulia suruali!", akatoka, pole pole, akigeuka kumtazama, bado anamtazama, kichwa kiko pale juu ya majani ya mgomba na jicho halijafungwa, mbona hakuna mtu anayelifunga... kisu cha Opiyo kinashuka chini zaidi, mkono unaingia, na safari hii kinachotoka si karatasi, ni ndama, hana manyoya bado, anatosha kwenye viganja viwili, na kicheko kinakatika, mtu anasema "Yawa," sasa watamgeukia, wageuke, atawajibu, maneno anayo, mama aseme umeniulia ng'ombe, na Dishon atamwambia na wewe ulizianika za nini, jibu liko tayari ulimini, kali, linangoja, lakini mama anajifuta tu uso kwa leso, anamjia na mkono umenyooshwa, "Dishon, baba, una karatasi mfukoni? Nifungie majirani nyama," baba, amemwita baba, hakuna lawama kwenye sauti hata ya kuokota, na Dishon ameshika kifurushi humo mfukoni, anasikia kinavyonong'ona kati ya vidole, anatafuta mzaha, mmoja tu, na mama amesimama, mkono bado uko hewani, anamwamini...