Bunzi wa Collins

Collins alikuwa mkulima hodari sana, kasoro moja tu: shamba lake lilikuwa Kisii, naye alikuwa Umm Salal, nje ya Doha. Alililima kwa simu. Kila mapumziko ya mchana alijibanza kwenye kivuli cha tangi la maji, akampigia dadake Nyaboke video na kumwaga amri kama chifu aliyepewa sare jana.

Amri kubwa kuliko zote aliitoa mwaka jana. "Ng'oa huo ua wa miti, pasheni zipate nafasi. Na hizo nguzo kuukuu za mbao choma, weka za saruji. Shamba lionekane la kisasa!" Nyaboke alizichoma kamera ikiwa wazi. Bunzi weusi, wale wanene wanaotoboa mbao, walitoka kwenye matundu yao wakazunguka ndani ya moshi. Collins alicheka mpaka akapaliwa. "Landilodi amewafungia nyumba!"

Sasa mkataba wake ulikuwa unaisha. Pasheni zikizaa, angerudi nyumbani moja kwa moja. Zisipozaa, angetia sahihi mkataba mpya. Meneja alikuwa ameshamuuliza asubuhi hiyo: tiketi au sahihi?

"Nitakuambia mchana," Collins alimjibu, kifua mbele.

Siku hiyo Collins na wenzake walikuwa wanapiga dawa kwenye nyanya za mwajiri, ndani ya kitalu cha plastiki. Philipo, Mganda aliyefanya naye kazi, aligeuza kimlango cha sanduku la nyuki. Nyuki hao wa manyoya huletwa kwa ndege kutoka Ulaya ndani ya sanduku la kadibodi, waje kutikisa maua ya nyanya ili yazae. Kimlango kikigeuzwa, nyuki anaingia lakini hatoki.

"Ssebo, hawa ni wafanyakazi wenzetu," Philipo alisema. "Ndege ya kuja wanapata. Umewahi kuona wakirudishwa?"

Hakuwahi. Msimu ukiisha, sanduku hutiwa kwenye friza mpaka liwe kimya.

Mchana Collins akapiga simu. "Haya, zimezaa?"

Nyaboke aligeuza kamera. Maua yalijaa kama ya harusi. Chini yake yalilala mengine, yamekauka. Tunda halikuwapo, hata moja la dawa.

"Yanafunguka mchana, jioni yanaanguka."

"Piga dawa."

"Tumepiga hadi kuku wa Mama wanakohoa."

"Basi ongeza mbolea..."

"Collins, nisikilize. Ukisimama hapa shambani, husikii kitu kikivuma. Kumenyamaza."

Collins akageuka kukitazama kitalu cha nyanya. Mwanamume mzima analipwa kutunza nyuki wa maua ya watu, na wake mwenyewe aliwachoma akicheka.

"Wale bunzi," alisema polepole. "Wale wa kwenye nguzo."

"Uliniambia nichome."

"Si wataingia kutoka kwa majirani?"

"Majirani gani? Waliona shamba lako, wakasema kijana wa Qatar anajua kilimo. Wameng'oa nyua zote mpaka mtoni."

Kamera ikasogea. Mama yao alikuwa kati ya mistari, kajifunga leso kichwani, anapaka ua moja moja chavua kwa unyoya wa kuku. Mkono mmoja ulikuwa umeshika kiuno.

"Anashinda hivyo juani," Nyaboke alisema. "Na hamalizi hata mistari miwili. Amesema nikuulize, huko kwenu mnafanyaje?"

"Huku tunanunua."

"Mnanunua nini?"

"Nyuki."

Nyaboke alicheka peke yake, kisha akaacha. "Haya. Leta basi."

"Si wa huko. Na hawadumu." Akazikumbuka zile nguzo. "Tafuta magogo makavu, uyaache pembeni bunzi watoboe. Panda tena ua wa miti."

"Na huo ua utakua lini, Collins?"

"Mwambie Mama apumzike," alisema, akakata.

Ofisini kwa meneja hakukaa hata dakika. Alipotoka, Philipo alikuwa amechuchumaa kando ya sanduku.

"Tiketi?"

"Sahihi."

Philipo hakutania. Akanyoosha mkono kugeuza kimlango, nyuki watoke.

"Acha," Collins alimwambia. "Dawa haijakauka."

Wakasimama hapo, wakiwasikiliza nyuki wakijigonga ndani.