Aliyechomelea Sakafu

Owuor, mnunuzi, hakuja kucheza. Alitoka Farsta na tochi, sumaku na ovaroli, na salamu hazijaisha vizuri alikuwa ameshalala chali chini ya ile Dodge Charger, gari la Kimarekani la enzi za babu yake, lililokaa nusunusu kwenye gereji ya Fisksätra, pembezoni mwa Stockholm, tangu Anitha akiwa shule ya msingi. Milango imeegemezwa ukutani, madigadi juu ya meza, injini kwenye stendi yake. Gari la namna hiyo ukilinunua, umenunua kazi ya mtu aliyekutangulia. Kama alilipua, umekalia kuti kavu.

Anitha alisimama kando ya baba yake, mzee Wambura. Sakafu yote ile aliichomelea yeye. Kutu ilikuwa imeila mpaka unaiona saruji ya chini. Akaikata, akakunja bati jipya, akachomelea Jumamosi baada ya Jumamosi, baba akimshikia taa. Ufundi huohuo ndio unaomlisha leo. Gari kuuzwa alikwisha kukubali. Mzee anarudi Musoma, atafanyaje? Alichongojea ni kitu kimoja tu: baba aseme mbele ya mtu kwamba hii ni kazi ya binti yake.

Sumaku ilinata kila ilipowekwa. Hakuna puti ya kuziba matundu, hakuna ujanja.

"Mzee," Owuor akaita kutoka chini, "hii sakafu ilichomelewa na nani? Ni kazi safi, aki."

"Mswidi mmoja," Wambura akajibu bila kupepesa macho. "Fundi wa siku nyingi."

Anitha akamgeukia. "Pappa?"

Mzee akamvuta pembeni. "Nyamaza kidogo, mwanangu. Nikimwambia ni msichana, ataanza kutafuta kasoro. Wewe huwajui watu wetu."

Watu wetu! Kumbe na yeye yumo, tena mstari wa mbele. Angesema mtu baki, angemcheka tu. Huyu alikuwepo. Huyu ndiye aliyekuwa akimpangusa cheche begani, na leo anaichukua kazi yake na kumvika Mzungu asiye na jina. Ni usaliti, na hata kumpenda baba hakukuufanya uitwe kitu kingine.

Owuor akatoka uvunguni, akajikung'uta, anatabasamu mpaka jino la mwisho. "Nachukua. Lakini huyo fundi ndiye atanimalizia. Nipee namba yake."

Nafasi ikawa hiyo. Mzee angecheka kidogo, akamshika bintiye bega, mambo yakaisha. Anitha akamtazama, akamsubiri.

"Alifariki," Wambura akasema, macho kwenye injini.

"Ai! Pole sana, mzee." Owuor akamgeukia Anitha kwa heshima, akanyoosha mkono. "Pole pia, dada. Mlikuwa mmezoeana?"

"Sana," Anitha akasema, akampa mkono. "Asante. Tumeshapoa."