Mgongo wa Uta Hauguswi

Mtaani wananiita Pimamaji, kile kipimo cha fundi cha kunyooshea, na jina hilo sikujipa. Nikiingia kwa mtu nikakuta picha imening'inia upande, siwezi kukaa mpaka niinyooshe. Kazi yangu ni viti na meza, mwaka wa kumi na tisa sasa, na kwenye kiti mguu uliopinda ni aibu ya fundi. Nalisema hili mapema ili mjue mkono wangu ulikotoka, maana nimechoka kuulizwa ilikuwaje mtu mzima na akili zangu nikafanya nilichofanya.

Baba yangu alikuwa fundi wa nyuta. Uta mmoja ulimvunjikia usoni kabla sijazaliwa, kibanzi kikala jicho la kushoto. Lililobaki lilikuwa na mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu, lakini daktari alishampa tarehe ya upasuaji na akamwambia wazi kwamba ataona tena. Tulikuwa tunahesabu wiki. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Nikimwambia hapa pana ngazi, ananyanyua mguu, haulizi mara mbili.

Mdogo wangu ni nesi, na anapiga mishale kwenye klabu. Alikuwa amechaguliwa kushindana, akataka uta wa nyumbani kwetu, si wa dukani. Mikono ya Baba ilishaanza kutetemeka, kisu hakikai. Kazi ikaniangukia mimi, yeye akiwa kwenye kiti chake mlangoni mwa karakana, akisikiliza. Mti uliobaki darini ulikuwa mmoja tu, umekauka miaka minne na umepinda vibaya: unaanza kwenda kulia, unaghairi, halafu karibu na ncha ya juu una nundu kama goti la mbuzi.

"Hizi ni kuni, Baba," nikamwambia.

"Kuni ni hiyo akili yako. Kaa chini nikufundishe."

Akanifundisha. Uta una tumbo na mgongo. Tumbo linamtazama anayevuta, na hilo unalichonga mpaka uridhike. Mgongo unatazama shabaha, na ndio unaobeba mvuto wote. Mgongoni unaondoa ganda tu, kwa kisu butu, ukifika kwenye mti wenyewe unakoma. Nyuzi za mti zikipanda, unapanda nazo, zikikwepa, unakwepa nazo. Ukizikata, hapo ndipo uta utakapopasukia, leo au mwakani, na utapasukia usoni kwa mtu.

"Mgongo hauguswi," akasema. "Hebu sema."

"Mgongo hauguswi."

Nilisema kama mtoto wa darasa la kwanza, na nilimaanisha.

Alhamisi mdogo wangu akampeleka Baba kliniki kupimwa jicho. Nikabaki peke yangu na ule mti umebanwa kwenye jiliwa. Tumbo lilikuwa linakwenda vizuri, lakini ile nundu ilikuwa inaniudhi. Kila nikiinua kichwa, naiona. Ningependa kusema nilifikiri kwanza, ila sikufikiri chochote. Mkono ulikwenda ulikozoea, ukachukua randa, ukapita juu ya nundu mara moja, mara mbili, yakatoka maranda marefu, safi, na nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi. Nikapuliza vumbi nikapitisha kidole, pako sawa kama meza. Ndipo nikaona nyuzi zilizokatika, vichwa vyake vyeupe vimejipanga pale. Nikasema moyoni, kweli aliyeniroga kafa.

Ningesema siku ileile yangeishia kwenye lawama. Badala yake nikachanganya unga wa mbao na gundi, nikaziba, nikapiga msasa. Baba aliporudi, hata kofia hajavua, akauomba mti akapitisha dole gumba mgongoni, kutoka chini kwenda juu. Karibu na ncha dole likasimama.

"Nundu iko wapi?"

"Nimeipiga mvuke wa sufuria, nikaibana. Imelala."

Mvuke unalainisha mti kweli, mafundi wanautumia, ndiyo maana uongo wangu ulikaa vizuri namna ile.

"Mvuke umekubali?"

"Umekubali, Baba."

Akacheka mpaka akakohoa. Jioni alimwambia kila aliyepita mlangoni kwamba binti yake wa viti sasa ni fundi wa nyuta, mti mbishi umemtii. Mimi nilikuwa nafagia maranda, najitia hamnazo.

Uta mpya lazima uzoeshwe kuvutwa. Unautundika ukutani kwenye kigingi, unavuta kamba yake ukiwa mbali, leo kidogo, kesho zaidi, ukiangalia kama mikono yake miwili, wa juu na wa chini, inapinda sawasawa. Kila nilipovuta nilijibanza nyuma ya kabati. Sijui fundi gani mwingine anaiogopa kazi yake hivyo. Siku ya tatu, ikiwa imebaki shubiri moja kufika mwisho, nikasikia tik. Ndogo tu, kama mtu anakata ukucha.

"Umelia?" Baba akauliza kutoka mlangoni.

"Kigingi hicho, kimelegea."

Msiniulize kwa nini sikuupasua nikautia jikoni siku hiyo. Niliuogopa ule uta, lakini niliuogopa zaidi uso wa Baba akijua kwamba nundu haikulala, niliikata, nikamdanganya, halafu nikamwacha anitangaze mtaa mzima. Nikajitafutia njia ya kutokea. Kwa mafundi wa nyuta, uta ukimalizika anayeuvuta kwanza mpaka mwisho ni aliyeutengeneza, mara tatu, mbele ya uso wake mwenyewe, kabla mwenye uta hajaushika. Nikasema basi, nitauvuta mimi. Ukipasuka, mti ulikuwa mbovu, yameisha, na jicho ni langu. Miwani ya kazi nilishaitia mfukoni.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, alasiri, mdogo wangu akaja moja kwa moja kutoka zamu, na viatu vyake vya wodi. Akauzunguka ule uta kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Dada Pimamaji, wewe umeweza kuacha kitu kimepinda? Leo mvua itanyesha."

"Punguza mdomo," nikamwambia, na nikanyoosha mkono kuchukua uta.

Baba alikuwa ameshasimama. "Lete hapa."

"Baba, anayevuta kwanza ni aliyetengeneza."

"Na aliyetengeneza ni nani? Wewe ulikuwa mikono yangu. Fundi ni mimi."

"Mikono yako inatetemeka."

"Kwenye kisu inatetemeka. Kuvuta haijasahau."

Mdogo wangu, ambaye hakujua lolote, akampa. Nikatoa miwani nikamwekea kiganjani.

"Vaa hii basi."

"Ya nini?" Akaigeuzageuza, akanirudishia. "Kwani una wasiwasi na kazi yako?"

Hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Mdogo wangu ananitazama, Baba amenigeuzia uso.

"Hapana," nikasema.

Akavuta. Mikono haikutetemeka hata kidogo. Kamba ikafika shavuni, ikakaa, ikarudi taratibu. Uta ulipinda vizuri, na hilo ndilo lililoniua, ulikuwa mzuri. Nikaanza kuomba kimoyomoyo mbili zilizobaki zipite.

Akavuta tena. Kamba ilipofika shavuni, tik. Na mara hii, kule kwenye gundi, nikaona mstari mwembamba umefunguka.

"Baba, shusha. Nimekata nyuzi. Pale kwenye nundu, kwa randa. Mvuke haukuwapo."

Akatii mara moja. Lakini uta uliovutwa bila mshale huwezi kuuachia, nguvu yote inarudi kwenye mti wenyewe na unapasuka papo hapo. Lazima urudishwe inchi kwa inchi. Akaanza kuurudisha, na sasa mikono ikaanza kutetemeka. Lile jicho lake moja, lile lenye tarehe kwa daktari, lilikuwa nyuma ya kamba, wazi, limegeukia sauti yangu. Nilichokijua ni kwamba niko pembeni yake, nimepitisha mkono wa kulia kati ya uta na uso wake, nimemfunika jicho kwa kiganja, na kope zake zinanipiga kiganjani. Kisha ukapasuka.

Kibanzi kiliingia nyuma ya mkono wangu, kirefu kama kalamu. Mdogo wangu alinilaza mkono juu ya meza ya kazi, mikono yake imetulia, machozi yanamtoka, akinitukana kwa sauti ya chini matusi ambayo sikujua anayajua. Vidole viwili havikunjiki vizuri mpaka leo. Baba hakuwa na hata mkwaruzo. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake na kile kipande cha juu, dole gumba linapapasa mahali pa gundi, linarudi, linapapasa tena.

"Mvuke haukuwapo," akasema. Hakuwa anauliza.

Upasuaji ulifanyika kwa tarehe yake. Anaona, anasoma hata maandishi ya kwenye boksi la dawa. Siku waliyomfungua bandeji alitaka kwanza auone mkono wangu, akaushika muda mrefu, akalia, na akanisamehe mbele ya mdogo wangu. Mtaani wanasema mimi ndiye niliyemwokolea jicho, na huwa nawaacha waseme.

Jana nilimpelekea chai. Nikamwambia imeshapoa, anywe tu. Akanitazama kwa jicho lake zima, akasema ahsante mwanangu, kisha akagusa kikombe kwa kidole kwanza.