Mtungi Mzito

Moto wa gesi ulizimika tena maabara katikati ya kipindi, na Mwalimu wa kemia akatazama mlangoni. Alijua kitakachofuata. Mkuu wa shule angeteremka ngazi, tumbo mbele, mdomo unanuka vitunguu vya asubuhi, aje kumwita Mzee Koti mwizi.

Na kweli alikuja, tena na barua ya kumfukuza mzee kazi mkononi.

Mzee Koti ndiye fundi wa maabara. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu ya koti lake jeupe, ambalo halivui hata jua liwake vipi. Miaka ishirini na mmoja ameosha chupa za watoto wa watu humo ndani, na sasa amebakiza miezi minne tu astaafu.

"Huu mtungi wa tatu!" mkuu alifoka, kidole karibu kimtoboe mzee jicho. "Unaingia umejaa, daftari linasema umejaa, sahihi ni yako. Siku tisa, kwisha! Zamani ulikuwa unakaa mwezi. Gesi inakwenda wapi kama si jikoni kwako?"

"Haki ya Mungu, mkuu, mimi nyumbani napikia mkaa."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Saa sita mchana nataka funguo mezani kwangu."

Akageuka akaenda zake. Mwalimu alitamani kutema mate pale alipokuwa amesimama yule mtu. Lakini kilichomkera zaidi ni kwamba kitanzi cha mzee alikisokota yeye mwenyewe. Ni yeye aliyeweka sheria kwamba kila mtungi upimwe kabla ya kupokelewa: chuma kilo kumi na tano, gesi kumi na tatu, jumla ishirini na nane. Ukipungua, urudi ulikotoka. "Mizani haina mjomba," alikuwa anatamba kwenye vikao.

Kwa hasira akaushika mtungi uliokwisha ausukume pembeni. Haukusogea.

Wakaupandisha mizanini, yeye na mzee. Kilo ishirini na nne, tisa zaidi ya chuma kitupu.

"Mzee wangu, mtungi ukiisha huwa unaupima?"

"Uliniambia nipime ukiingia, Mwalimu. Ukiisha hukusema."

Lo! Kweli hakusema. Akauinamisha, akatega sikio. Ndani kulikuwa na kimiminika kinachezacheza. Gesi nayo hukaa humo kama maji maji kwa kuwa imebanwa, lakini ukifungua valvu tu inachemka yenyewe na kutoka, maana chembe zake hushikana kijuujuu. Kimiminika ambacho hakitaki kutoka na njia iko wazi, chembe zake zimekumbatiana kwelikweli. Hayo ni maji. Maji hayachanganyiki na gesi ile, na kwa kuwa ni mazito yanakaa chini kimya, gesi inatokea juu, moto unawaka wa buluu vizuri tu mpaka siku ya tisa.

Mwalimu akakaa kwenye stuli. 

Gesi ya shule ilijazwa, ikafungwa lakiri na kuletwa na mdogo wake, Kitinda, mwisho wa tumbo la mama yao. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyemlea, na kemia alimfundisha humu humu. Siku moja kijana alinyoosha mkono: "Mwalimu, maji yakiwemo kwenye mtungi, moto si utawaka vilevile?" Akaliambia darasa zima limpigie makofi kwa swali zuri. Sasa aliyasikia makofi yale upya.

Saa tano na nusu Kitinda akaingia na pikapu yake, anapiga mluzi, mtungi mpya nyuma.

"Dada! Mbona umenuna hivyo?"

Mwalimu akamvuta nyuma ya maabara, akamuuliza waziwazi. Kitinda hakuona hata haya.

"Wanafanya wote, dada. Maji tu, si sumu."

"Mzee Koti anafukuzwa kazi leo hii!"

"Si amebakiza miezi minne? Akapumzike. Mimi nina watoto, dada, wanakuita shangazi." Akamshika mkono, kiganja kimejaa grisi na uvundo wa gesi, ule unaotiwa makusudi ili ikivuja watu washtuke. "Sema mizani imeharibika. Yataisha."

Mwalimu akauchomoa mkono, akaufuta kwenye sketi kama aliyeshika panya aliyeoza. Huyu nilimfunga nepi, akawaza. Nilimtafunia chakula huyu!

"Mzee Koti!" akaita kwa sauti. "Leta ndoo. Na mkuu aje, sasa hivi!"

Wakaupima mtungi mpya mbele ya mkuu: ishirini na nane kamili, lakiri haijaguswa. Kisha wakaubeba mpaka katikati ya uwanja, mbali na moto wowote, wakaupindua kichwa chini. Mwalimu akavunja lakiri, akafungua valvu kidogo. Gesi iliyobanwa ikasukuma kilichokuwa chini yake, na maji yakaruka ndooni, mekundu kwa kutu, yana utando wa grisi, yananuka yai viza. Wanafunzi madirishani wakaziba pua. Ndoo ilipofika nusu mkondo ukageuka gesi, mweupe, wa baridi kali, na Mwalimu akafunga haraka.

"Ptuu! Uchafu gani huu?" mkuu akauliza. "Nani anatuletea?"

"Huyu hapa. Mdogo wangu, tumbo moja."

"Na ujanja huu kaupata wapi?"

"Kwangu. Nilimfundisha mimi, nikampigia na makofi."

Mkuu akakunja barua taratibu, akaitia mfukoni, akaanza kuondoka kama mtu aliyekumbuka kikao.

"Mkuu," Mwalimu akasema, "mzee ulimwita mwizi mbele ya watoto. Mwombe radhi mbele yao."

Mkuu akanung'unika neno moja la pole, akiangalia viatu vyake.  Mzee Koti alikuwa ameinamia ile ndoo, machozi yanamtoka, wala hakuziba pua.

Kitinda ndiye aliyebaki. Mluzi ulikuwa umemwisha.

"Dada, watoto nitawaambia nini?"

"Waambie ulichofanya," Mwalimu akasema. "Ukishindwa, walete kwangu, niwaambie mimi."