Kinga Kutoka Gaborone

Kijisanduku cheupe kilichotoka Gaborone kilikaa juu ya kabati la Muhonja mwezi mzima kabla hajamwita fundi. Luseno, mumewe, aliyekuwa akifundisha huko, alikuwa amempa mwalimu mwenzake akilete Nairobi, baada ya kusikia kwamba friji imeungua, na kabla yake redio. Kazi ya kifaa hicho, kinga ya stima, ilikuwa moja: kufungwa karibu na mita, ili stima ikirudi kwa kishindo, nguvu inayozidi ielekezwe ardhini badala ya kuingia kwenye vyombo.

Muhonja hakukipenda. Mtu anayekaribia kurudi, aliwaza, angekibeba mwenyewe. Zamani stima ikipotea, Luseno ndiye aliyekimbilia kuchomoa kila kitu, akaacha taa moja ya koridoni iwatangazie ikirudi. Sasa alikuwa ametuma kijisanduku kishike nafasi yake. Mkataba wake wa kufundisha ulikuwa unaisha Desemba, na hakuwa amesema kama ataongeza.

Jumamosi Mutisya, fundi wa stima wa hapo Buruburu, alifungua ubao wa mita, akapima, akaguna.

"Mama Marion, hii nyumba haina waya wa ardhini."

"Upo. Baba Marion aliufunga mwenyewe kwenye bomba la maji. Huyo ni mwalimu wa fizikia, usimchezee."

"Bomba gani? Hili la plastiki? Plastiki haipitishi stima."

Muhonja akalitazama bomba. Bomba la chuma lilikuwa limeoza mwaka uliopita, naye akaita mtu akaweka la plastiki. Kwenye simu za Jumapili alimweleza Luseno kila kilichoharibika, lakini la bomba hakulitaja. Lilikuwa limeshatengenezwa, na kilichotengenezwa hakimrudishi mtu nyumbani.

"Kwa hivyo ni mimi niliyechoma friji."

"Ni stima, mama. Wewe uliizibia tu njia ya kutokea." Mutisya alicheka, kisha akatazama ua wa nyuma. "Lazima nipigilie chuma kirefu ardhini, na mzee amemwaga simiti kila mahali. Nivunje, ama tumngoje?"

Luseno aliilaza simiti hiyo wiki aliyosafiri, amepiga magoti na mwiko mkononi, ili asimwachie mkewe matope.

"Vunja," Muhonja akasema. "Lakini kidogo."

"Nyundo haijui kidogo, mama."

Kufikia jioni kazi ilikuwa imekwisha. Kesho yake Luseno alipiga simu, akaanza kama kawaida yake.

"Enhe, wiki hii nini kimeharibika?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Kinga imefungwa. Kila kitu kinafanya kazi." Muhonja alijikuta hana tena kitu cha kujificha nyuma yake. "Baba Marion, Desemba unarudi?"

"Nimetia saini, Muhonja. Miaka miwili tena. Nilitaka kwanza nijue nyumba iko salama, ndipo nikwambie."

"Nyumba iko salama."

Muhonja aliishusha simu ili akate, kisha akairudisha sikioni. Upande wa pili alimsikia akikohoa, kile kikohozi kikavu alichokuwa akiamka nacho, ambacho zamani kilimkera.

"Bado uko?" Luseno aliuliza.

"Niko. Endelea kuongea."

"Niseme nini sasa?"

"Chochote. Niambie leo umekula nini."