Nitapanda na Kilo Zangu

Kaka yangu Leonardi ni mtu mwema. Nalisema mapema ili msije mkamchukia bure. Lakini siku ile ya Januari alipokuja kwangu Yoba, akala maharage yangu, akafuta mdomo na kuniambia, "Dada Jeska, wewe pumzika tu, mpaka wa shamba nitautembea mimi," nilitamani kummwagia maji ya kunawia.

Niwaeleze. Baba yetu aliacha shamba kilimani, upande wa Buraza, hapa Burundi. Mwaka sabini na mbili tulikimbia, mimi nina miaka tisa, Leonardi yuko mgongoni mwa mama. Tumekulia Tanzania, Ulyankulu, tukaoa na kuolewa na kuzika huko huko. Amani iliporudi, nasi tukarudi. Miaka minne tulihangaikia lile shamba mpaka waliokuwa wakililima wakakubali kutoka. Ikabaki kazi moja. Kamati ya kilima, maana kwetu kilima ndicho kijiji, inakuja, na mwenye ardhi anautembea mpaka mzima kwa miguu yake, kona kwa kona, akiwaonyesha ilipo miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe ambayo wazee walipandia mipaka. Anayetembea ndiye anayeandikwa. Siku ilikuwa imepangwa, ni mwezi wa Juni, maharage yakishavunwa.

Sasa, shamba lenyewe liko kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaufikiria mara mbili. Na mimi nilikuwa na kilo mia moja na kumi na nane, pamoja na goti la kulia linaloniamsha kabla ya jogoo. Nilirudi kutoka Tanzania nimekonda kama fimbo, amani ikaninenepesha. Nilikula kila kitu nilichokikosa.

"Ukitembea wewe, karatasini ataandikwa nani?" nikamuuliza.

"Si ni ya familia, dada?"

"Familia ina jina gani?"

Akaomba maji ya kunywa. Alijua ninachouliza. Kwetu binti hupewa kipande cha kulima kama zawadi, na akifa kinarudi kwa kaka zake. Mimi ni mjane, Yoba nimepanga, watoto wangu wawili hawana pengine pa kusema ni kwao. Leonardi akiandikwa peke yake, leo atanigawia, namwamini. Lakini kesho wanawe je? Watanijua mimi nani?

"Nitautembea mwenyewe," nikasema.

"Na mwili huo?"

"Na mwili huu huu! Unadhani nitaazima wako?"

Hasira hiyo nikaenda nayo kanisani Jumapili. Sisi Wapentekoste tukiwa na jambo tunalitangaza, na tukilitangaza tunalifungia. Wakati wa ushuhuda nikasimama mbele ya watu mia mbili, nikanyanyua mkono, nikasema kwa jina la Yesu nitapunguza kilo thelathini kabla ya Pasaka. Wakapiga makofi, wakaitikia haleluya, kwaya ikapokea. Kilo thelathini kwa miezi mitatu! Hakuna hata mmoja aliyeniuliza zitakwenda wapi. Mdomo uliponza kichwa.

Nikaanza kufunga. Siku tatu mfululizo bila chakula wala maji, siku mbili nakula, siku tatu tena. Zile siku za kula, jamani, nilikuwa nakula kama mtu anayelipiza kisasi. Goti halikupona, pumzi haikurudi, na usiku moyo ulikuwa ukinidunda mpaka masikioni.

Kazi yangu ni maharage. Mara mbili kwa mwezi naenda Muyinga kuyanunua kwa Zaituni, mama wa Kiislamu mwenye depo sokoni, mwanamke wa maneno mengi na moyo mkubwa zaidi ya maneno. Mwanzoni mwa Februari nilifika kwake siku yangu ya tatu ya kufunga. Nakumbuka nilikuwa nachota maharage kiganjani kuangalia kama yana wadudu. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala juu ya magunia, Zaituni ananipepea na khanga yake huku anafoka.

"We Jeska, unataka kunifia mu depo yangu? Watu watasema mi nilikuua juu ya maharage!"

"Ninafunga," nikasema.

"Unafunga nini? Bon, sikiliza. Sisi tunafunga mwezi muzima, kila mwaka, tangu mi niko mutoto. Angalia hii!" Akajipiga kiunoni kwa mikono miwili. "Kama kufunga inakondesha, mi leo ningekuwa uzi."

Wapagazi wake wakacheka mpaka wakashika ukuta. Akanipa uji wa mtama, akasimama juu yangu mpaka nimeumaliza, kisha akanishika mkono kama mtuhumiwa akanipeleka zahanati.

Muuguzi alikuwa mzee mwembamba asiyependa maneno. Akanipima presha, akatikisa kichwa, akapima tena. Akauliza ninataka nini hasa. Nikamweleza shamba, kamati, Leonardi, kanisa, thelathini.

"Juni ni miezi minne," akasema. "Nusu kilo kwa wiki. Kilo nane."

"Nane? Nimetangaza thelathini! Watanicheka."

"Hao wanaocheka ndio watakaopanda kilima?"

Nikamwambia haya, aendelee.

"Mama, kula mara tatu kwa siku," akaendelea. "Ugali nusu ya unaokula sasa, mboga mara mbili. Soda acha. Tembea kila siku, hata kidogo. Chagua kitu utakachoweza kukifanya hata siku umeamka na hasira."

"Mimi huamka na hasira kila siku."

"Basi utafanikiwa," akasema, akamwita mgonjwa mwingine.

Tuliporudi depo Zaituni akanielekeza kwenye mzani wa magunia, ile bascule yake ya chuma iliyochakaa. Nikapanda. Mpagazi mmoja akasoma kwa sauti ya mnada, "Mia moja kumi na nane! Hii tunapakia wapi?" Soko lote likasikia. Nikamwambia cheka mwanangu, ila usinikosee hata gramu moja, maana nitarudi hapa kila baada ya wiki mbili na wewe ndiye utakayesoma.

Nikaanza. Nyumbani kwangu kuna barabara ya vumbi inayopanda kuelekea barabara ya lami. Siku ya kwanza nilipumzika mara saba. Watoto walinifuata wakiniiga nilivyokuwa nahema. Nikawaambia waige vizuri, na mikono ishike kiuno. Baada ya wiki tatu nilipumzika mara tano. Soda niliiacha tangu siku ya kwanza, na ndiyo iliyoniuma kuliko ugali, kwa sababu Fanta ilikuwa rafiki yangu wa kila saa kumi. Nilikuwa napita dukani nimegeuza shingo.

Machi mpagazi alisoma mia moja kumi na tano. Nikashangilia peke yangu. Huku Yoba hakuna aliyeshangilia. Kwetu mtu akinenepa amani imemkubali, akikonda anazikwa kwa midomo. Jirani yangu Ursula akaingia kwangu na sahani ya wali na ndizi za mawese, akakaa karibu yangu, akateremsha sauti.

"Jeska, tuambie tu. Umepima damu?"

"Nimeacha Fanta, Ursula."

"Sawa. Sisi tutakuombea."

"Muombee aliyepika ndizi na mafuta yote haya! Mimi ni mzima!"

Akaondoka akiwa na hakika kwamba nakufa. Kesho yake wakaja watatu na sahani tatu.

Halafu nikaanguka. Mwishoni mwa Machi kulikuwa na harusi Nyarusange, mtoto wa binamu yangu. Mnajua harusi zetu. Mwenyeji anakufungulia chupa ya Fanta mbele ya macho yako uone haina sumu, na ukiikataa umemwambia hadharani kwamba humwamini. Chupa ya kwanza niliinywa kwa heshima. Ya pili, ya tatu na ya nne nilizinywa kwa sababu zilikuwa tamu, tusidanganyane. Nikala wali, nikala nyama, nikaongeza. Jumatatu sikutembea. Jumanne nikasema mvua. Wiki ikaisha. Muyinga mzani ukasema mia moja kumi na sita na nusu.

Nikashuka kutoka kwenye ile bascule machozi yananitoka, nimekasirika hasa. Nikamwambia Zaituni basi, Leonardi achukue, atembee, aandikwe, mimi nimechoka kuhesabiwa kama gunia.

"Haba na haba hujaza kibaba," akaanza.

"Kibaba changu kimejaa, Zaituni! Shida ni kukipunguza!"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Alors, kuna ile ingine. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya muchukuzi. We ni muchukuzi, Jeska. Hii wiki haikuvuja, basi. Wiki inakuja itavuja. Mi sitaki kukuona unalia juu ya kilo moja na nusu wakati kaka yako iko anangoja shamba muzima. Tembea. Kesho asubuhi, utembee."

Nilitembea. Nilimtukana Zaituni njia nzima, lakini nilitembea.

Pasaka ikafika, na mchungaji hakusahau. Akaniita mbele nitoe ushuhuda wa kilo thelathini. Ningeweza kusema naumwa, nusu ya kanisa walikuwa tayari kuamini. Nikasimama, nikashika kipaza sauti.

"Niliahidi thelathini. Nimepunguza nne. Thelathini zilikuwa hasira, hazikuwa ahadi, na Mungu anisamehe kwa kumtaja kwenye hesabu ya kijinga. Sasa nawaambia mbele yenu, kufika Juni nataka nane. Na nawaomba kina mama, sahani zenu zipelekeeni wajane wenye njaa. Mimi siumwi. Anayetaka kunisaidia aje saa kumi na mbili asubuhi tupande barabara pamoja."

Makofi yalikuwa machache sana. Mchungaji alikohoa akatangaza wimbo. Lakini Jumatatu saa kumi na mbili nilimkuta Ursula mlangoni amevaa raba za mwanawe. Akaniambia hakuja kutembea, amekuja kuangalia nisianguke. Alipumzika mara nyingi kuliko mimi, na kesho yake akaja tena.

Juni nilipanda ile bascule kwa mara ya mwisho kabla ya kamati. Mpagazi akasoma taratibu, hakupiga kelele safari hii. Mia moja na tisa. Tisa nzima zimeondoka. Na zilizobaki bado ni mia na tisa, macho ninayo. Nilijua nitapanda kwa shida.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Chini ya shamba nikawakuta wajumbe watano wa kamati, wakiongozwa na mzee Audax, mwenye daftari kubwa lenye jalada jeusi. Leonardi alikuwa ameleta kiti. Kiti kizuri chenye mto, amekiweka kivulini.

"Kaa hapa dada," akasema kwa upole. "Tutakupungia mkono kutoka juu."

"Kiti wapeni wazee," nikasema, nikafunga kitenge upya, nikaanza kupanda.

Sitawadanganya. Nilipumzika kabla ya kona ya kwanza. Nilipumzika tena kabla ya kona ya pili, nimeshika mgomba, goti linawaka, jasho linaniingia machoni. Mjumbe mmoja kijana akasema kwa Kirundi kwamba kwa mwendo huu tutalala hapa. Nikamwambia kama hakuja na blanketi shauri yake. Mzee Audax akakaa juu ya jiwe akaanza kusafisha miwani yake.

Leonardi alitangulia, miguu myepesi. Alipofika juu kabisa, kwenye kona ya tatu, akasimama kwenye mstari wa miyenzi mirefu, akaita, "Ni hapa!" Jirani wa upande ule, aliyekuja kushuhudia, akaitikia upesi mno, "Hapo hapo!" Mjumbe kijana akafungua kalamu.

"Ngojeni!" nikapiga kelele kutoka chini.

Sauti haikutoka vizuri. Nikapanda. Nilipanda kwa mikono na kwa magoti, nasema ukweli, kitenge kimejaa vumbi, watu wazima wananitazama. Nilipofika sikusimama. Nikapita mbele ya Leonardi, nikapita miyenzi yake, nikahesabu hatua ishirini mpaka kwenye kichaka, nikakitenganisha kwa mikono. Visiki vya miyenzi ya zamani vilikuwa pale, vitatu, vimekatwa na kuoza, na pembeni machipukizi membamba. Nikavunja moja. Utomvu mweupe ukanitiririka vidoleni.

"Baba alipanda hapa," nikasema nilipopata pumzi. "Ile mirefu si yake. Mimi nilimshikia miche. Leonardi hawezi kujua, alikuwa bado hajazaliwa."

Jirani akaangalia miguu yake. Mzee Audax akapanda, akainama, akagusa kisiki kimoja kimoja. Kisha akamgeukia Leonardi, mwanamume, kama ilivyo desturi.

"Tuandike jina gani?"

Kaka yangu akanitazama. Nilikuwa nimekaa chini, miguu nimeinyoosha, nahema, mnene na mchafu. Kama angesema lake, wazee wangeandika, maana desturi ilikuwa upande wake.

"Muulize aliyefika," akasema Leonardi.

Nikataka kulia, nikaona si wakati.

"Andika Jeska na Leonardi," nikasema. "Jeska kwanza."

Mjumbe kijana akasema haijawahi kuandikwa hivyo katika kilima kile, mwanamke kutangulia. Mzee Audax akavaa miwani, akaegemeza daftari gotini, akaniuliza Jeska ninaliandika kwa herufi gani. Nikamtajia moja moja, naye akaandika. Walipoanza kushuka kuelekea kona ya nne nikawaambia watangulie wanisubiri hapo, nitafika niwaonyeshe na hiyo.