Goti la Verla Dyck

"Nikupasue wiki ijayo," alisema Daktari Orest Baziuk. "Usingoje Machi."

Verla Dyck alimtazama kama mtu anayeuziwa gari bovu. Mwezi wa Machi ndiyo fainali ya mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu pale mjini kwao, Manitoba. Miaka mitatu mfululizo timu ya Verla ilikuwa imeifunga timu moja ile ile, na nahodha wa timu hiyo ndiye huyu aliyekuwa amemshika goti la kushoto. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Goti lenyewe lina nini?"

"Ndani kuna utando laini wenye mikunjo. Mkunjo mmoja umevimba kwa kule kuchuchumaa kwako ukisukuma jiwe. Mazoezi na sindano tumejaribu tangu Septemba mpaka Januari hii, wapi. Sasa natoboa vitundu viwili, kimoja cha kamera, kingine cha kifaa cha kukatia. Jioni uko kwako."

"Na nikingoja?"

"Mkunjo utakwangua gegedu, ile nyeupe inayofunika mfupa. Picha ya leo inaonyesha gegedu yako ni safi. Ikichimbika hairudi."

"Na fainali?"

"Hutacheza."

"Nilijua tu," alisema Verla.

Usiku ule mumewe, Lorne, aliposikia shaka yake alicheka mpaka akaweka uma chini. "Yaani akupasue kwa ajili ya kikombe cha bati?"

"Watu hapa wanangoja kupasuliwa goti mwaka mzima. Mimi nafasi ya wiki ijayo imetoka wapi?"

"Si alikwambia kuna mgonjwa kaahirisha?"

"Alisema yeye."

"Mke wangu, wewe unatembelea goti au kikombe?"

Kazi ya Verla ilikuwa kutandika vigae, kutwa nzima yuko magotini, na alijua vizuri kwamba bila goti hana kazi. Hata hivyo shaka ilimkaba, na shaka ikishamkaba mtu mkaidi haisikii dawa. Asubuhi alipiga simu kliniki. "Futeni jina langu. Nitakuja Aprili."

Machi ilimkuta goti limeumuka na linalia ko, ko kila akichuchumaa. Alicheza hivyo hivyo, meno yameumana. Timu zilikuwa sawa, limebaki jiwe la mwisho la Baziuk. Daktari alilisukuma, akaliandama akifagia barafu mbele yake ili liteleze mbali, nalo likaenda kutulia katikati ya duara la shabaha. Watu wakaanza kupiga makofi.

Baziuk akainua mkono. "Nimeligusa kwa ufagio."

Hakuna aliyeona. Katika mchezo ule aliyegusa jiwe hujitaja mwenyewe, na jiwe lake hutolewa. Alilisogeza kando kwa mguu, la Verla likabaki ndilo lililo karibu zaidi na katikati, kisha akaja kumpa mkono wa pongezi.

Kwa desturi mshindi humnunulia aliyeshindwa kinywaji. Verla alimwekea bia mezani, akashindwa kumtazama usoni. Aibu ilimchoma.

"Mbona hukunyamaza? Nani angejua?"

"Si nililigusa?" alisema Baziuk, akashangaa kuulizwa.

Sasa Verla alimtazama. "Nipasue, Daktari."

Ilikuwa Mei ilipopatikana nafasi. Alipozinduka, Baziuk alivuta kiti karibu na kitanda, akamwonyesha picha: mkunjo mnene, mwekundu. "Huu nimeshautoa. Maumivu yatapungua."

Picha ya pili ilikuwa nyeupe tupu, isipokuwa mfereji mmoja uliochimbika katikati.

"Na huu?"

"Hapo ndipo mkunjo ulipokuwa ukikwangua."

Verla alimshika Baziuk mkono. "Januari mfereji huu ulikuwepo?"

Daktari mwingine angesema ni vigumu kujua, akamwacha mgonjwa alale.

"Haukuwepo, Verla."

"Na vigae?"

"Tafuta kazi ya kusimama."

Verla aligeukia ukutani. Alitamani, kwa moyo wake wote, mtu yule awe mwongo.